Shaba imezunguka mara ngapi? Kutoka misalaba ya Katanga hadi terili, na kile Kinsevere itaacha

Mtu anayetoka Lubumbashi kuja Kinsevere, safari ya kilomita kama thelathini kuelekea kaskazini, hupishana na mizigo ya aina mbili. Wa kwanza ni malori yanayotoka mgodini na mabamba ya shaba safi, zile katodi, kuelekea Kasumbalesa na bandari za mbali. Wa pili ni kinga, yaani baiskeli, zinazosukumwa kwa mkono kwenda mjini: nyingi zimebeba magunia ya makala, na moja moja imebeba mitraille, vyuma chakavu vilivyofungwa kwa kamba ya mpira. Lori halirudi na shaba. Mitraille haiendi mbali: inafika kwa mafundi wa mjini, inapigwa nyundo, na baada ya siku chache inarudi kijini ikiwa mbabula ya kupikia bukari.

Siku hizi neno "uchumi wa mzunguko" linasikika sana, kwenye redio, kwenye semina, kwenye karatasi za kampuni. Maana yake si ngumu. Kitu kikiisha kazi yake ya kwanza kisitupwe. Kitengenezwe, kiyeyushwe, kitumike tena, na ardhi ichimbwe kidogo kadiri inavyowezekana. Wanaolileta neno hilo wanalisema kama kitu kilichoshuka na ndege jana. Mimi naona hapa Katanga ni habari ya zamani kuliko mji wenyewe, na ina kipande kimoja ambacho wakaaji wa Kinsevere wanapaswa kukijua mapema, kabla mgodi haujafungwa. Kipande hicho kinahusu lundo la takataka katikati ya Lubumbashi. Lakini tuanze nyuma kabisa.

Naviundu, ambayo leo iko kwenye ukingo wa Lubumbashi, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kuyeyusha shaba ya karne ya 4. Kwa hiyo watu walikuwa wakipika jiwe la kijani katika bonde hili miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla ya treni ya kwanza. Kaskazini zaidi, Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, uchimbuzi ulioanza mwaka 1957 na kuendelea miaka ya 1970 ulifungua makaburi ambamo marehemu walizikwa na misalaba ya shaba. Misalaba ya mwanzo ilikuwa mikubwa na kila mmoja na umbo lake. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, na yenye ukubwa unaolingana. Wataalamu wanasoma hapo jambo moja: msalaba ulikuwa umegeuka kuwa feza, kitu cha kuhesabu.

Feza hiyo ilikuwa na tabia ambayo noti ya leo haina. Ukiwa na msalaba na ukahitaji bangili, fundi anauyeyusha, unapata bangili. Bangili ikichoka, inarudi motoni na kutoka kama waya, au pete, au kichwa cha mshale. Wakati wa Mwami Msiri pale Bunkeya, mafundi wa Bayeke walikuwa wakivuta waya mwembamba wa shaba na kuyeyusha risasi za bunduki. Hakuna aliyetupa shaba porini, maana kuipata kulikuwa na jasho. Wanawake na watoto waliokota malakiti juu ya ardhi, wanaume walishuka kwenye mashimo. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, moto wake ulikuwa wa makala ya miti iliyochaguliwa, mivuo ilikuwa ya ngozi ya mnyama. Kazi ilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, na mabingwa wake walikuwa chama chenye miiko yake. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliwaandika mwaka 1926 kwa jina walilojulikana nalo, walaji wa shaba.

Nisije nikapamba. Wazee wale nao walikata miti, na mavi ya chuma, yaani uchafu unaobaki tanuru likipoa, waliyaacha palepale. Ndiyo maana wachimbuzi wameweza kuyakuta. Tofauti ni kiasi. Waliyeyusha miezi michache kwa mwaka, na shaba iliyotoka ilibaki mikononi mwa watu wa maeneo haya na majirani zao, ikizunguka kutoka mahari hadi kodi ya chifu hadi kaburini.

Kisha mstari ulinyooshwa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza, iliyopikwa kwa mawe ya mgodi wa Étoile, ule ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Mkaa wa mawe wa tanuru ulitoka Wankie, Rhodesia. Shaba ilishuka kwa reli hadi Beira, na kuanzia mwaka 1931 hadi Lobito pia. Ng'ambo, Ubelgiji, ilisafishwa Hoboken na Olen. Kila kitu kilikuwa na upande mmoja: jiwe linapanda, chuma kinaondoka, uchafu unabaki.

Na uchafu ulibaki kweli. Kando ya mto Lubumbashi, karibu na lile bomba refu la moshi linaloonekana kila upande wa mji, mavi ya chuma yalimwagwa miaka zaidi ya themanini. Yalitoka tanuruni yakiwa ya moto, yakasukumwa kwa vigari hadi ukingoni na kumiminwa. Mzee mmoja aliyefanya kazi pale, anayeishi sasa huku kwetu na kulima, aliniambia hivi: "Balikuwa namwanga na usiku, tunaona mbingu yote nyekundu sawa moto ya pori. Hatukuwa nayua kama mule ndani kuko feza." Lundo likawa mlima mweusi wa tani kama milioni 14. Watu wa Lubumbashi wanauita terili, kwa Kifaransa cha wachimbaji wa makaa, na wageni waliuita kwa Kiingereza Big Hill. Watoto wa shule waliuchora pamoja na bomba kama watoto wengine wanavyochora nyumba na mti.

Feza iliingiaje mule ndani? Jibu ni la jikoni tu. Tanuru la zamani lilitengenezwa kwa ajili ya shaba. Kobalti, ambayo katika mawe yetu ni ndugu wa shaba, ina tabia ya kushikamana na uchafu wakati wa kuyeyuka, ikatoka nao. Kisha mawe ya Kipushi yalikuja na mengine: mgodi ule una zinki nyingi na una germaniamu, madini adimu ambayo wakati huo yalikuwa na kazi chache sana. Vyote vikaingia kwenye vigari na kumwagwa. Kwa hiyo terili ni kumbukumbu ya kile ambacho watu wa 1911, wa 1930, wa 1960 hawakujua kukitoa, au hawakuona faida ya kukitoa.

Moshi nao ulikwenda njia yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechora pembe ya ardhi iliyochafuka upande wa kaskazini-magharibi wa tanuru, kule upepo ulikokuwa ukipeleka moshi. Penga Penga imo ndani yake. Udongo ulijaa vyuma na asidi hata majani yalikataa kuota, na kwa miaka watafiti hao wamejaribu miti na nyasi zinazovumilia shaba ili ardhi ifunikwe tena. Hii pia ni sehemu ya hesabu. Mwaka 2009 wanasayansi wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Madini yanazunguka hata yasipotakiwa.

Wakati wa kujitenga kwa Katanga, bendera ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na sarafu za mwaka 1961 zilichorwa msalaba uleule. Ajabu yake ni hii: alama ya shaba inayozunguka ilipepea juu ya uchumi ambao shaba yote ilikuwa inapanda treni.

Mwanzoni mwa 1967 serikali ilitaifisha Union Minière, na kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Mstari haukupinda. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, fedha za kutengeneza mitambo zikakosekana, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 40,000. Tanuru la Lubumbashi lilizimika. Mwaka 2003, katika mpango uliosimamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa kile kilichoitwa départ volontaire. Sina haja ya kueleza; kila nyumba hapa ina mjomba aliyesaini karatasi ile.

Miaka hiyo ndiyo iliyotufundisha mzunguko kwa nguvu. Mwanaume aliyekuwa anaendesha mtambo alianza kukusanya mitraille. Rimu ya gari ikawa mbabula. Pipa la mafuta likawa mlango, bati la paa, ndoo. Vipande vya aluminiamu vya injini vilimiminwa kwenye mchanga na kutoka sufuria. Mafundi wa shaba iliyopigwa nyundo walichukua mabamba na kuyageuza picha za ukutani, zile za kijiji na mtumbwi ambazo wageni bado wananunua. Wanapouliza kama Wakongo wanaelewa kutumia vitu upya, nawaza juu ya rimu ile. Lakini ulikuwa pia mzunguko mchafu. Nyaya za umeme zilikatwa usiku na kuyeyushwa, mitaa ikabaki gizani ili kilo chache za shaba zipate mnunuzi. Na mbabula, hata ikitoka kwenye rimu nzuri, inakula makala, na makala inakula miombo. Anayekumbuka msitu ulivyokuwa kwenye barabara ya Kinsevere miaka ishirini na mitano iliyopita anajua ninachosema.

Turudi kwenye terili, maana mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu alikuja kuliangalia kwa jicho lingine. Iliundwa kampuni ya kulitafuna upya, STL: OM Group ya Marekani ilichukua hisa 55 kwa mia, kundi la Forrest 25, na Gécamines, mwenye lundo, 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tanuru jipya la umeme lilianza kazi. Mavi ya chuma yalichanganywa na koki, yakayeyushwa tena, na ikatoka aloi ya kobalti, shaba na chuma. Aloi hiyo ilikwenda Kokkola, Finland, kutenganishwa.

Angalieni vizuri hapo. Kitu kilikuwa kimetolewa kwenye takataka, na hiyo ni kazi njema. Hakuna kilima kipya kilichofunguliwa, hakuna kijiji kilichohamishwa. Lakini ile sehemu ya mwisho, ya kutenganisha, ndiyo yenye thamani kubwa, na ilifanyika Finland. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2002 ililalamika kwamba Gécamines haikuwa inapata chochote kwa germaniamu iliyokuwa ndani ya shehena zile. Kampuni zilizotajwa zilikana lawama za ripoti hiyo. Sitaamua kesi ya watu wengine kwenye ukurasa huu. Ninachokiona ni kwamba ugomvi wote ulitokana na swali ambalo mwaka 1911 hakuna aliyeliuliza: mna nini hasa ndani ya hiki tunachokiita uchafu, na ni cha nani?

Leo STL ni kampuni tanzu ya Gécamines, na imejenga kiwanda kipya cha kutoa madini kwa asidi na maji pembeni ya terili. Germaniamu nayo imebadilika. Sasa inaingia kwenye nyuzi za intaneti, kwenye kamera za kuona gizani, kwenye paneli za jua za setilaiti. Serikali yetu iliitangaza kuwa madini ya mkakati Novemba 2018, pamoja na kobalti na koltani, na mrabaha wa madini ya mkakati ni 10 kwa mia, wakati shaba ni 3.5. China, ambayo inazalisha nyingi kuliko wote, iliweka masharti ya kuiuza nje kuanzia Agosti 2023. Ghafla lundo jeusi la Lubumbashi likawa mezani kwa wakubwa. Mei 2024 STL ilisaini makubaliano na Umicore ya Ubelgiji, inayoleta ujuzi wa kuitoa germaniamu na kuipokea kwa ajili ya kuisafisha, na Oktoba mwaka huohuo Gécamines ilitangaza kwamba shehena ya kwanza imeondoka.

Umicore ni nani? Ni Union Minière. Mwaka 2001 ilibadili jina. Mtoto wa kampuni iliyoyamwaga mavi ya chuma sasa ni bingwa wa dunia wa kurudisha madini: Hoboken, palepale shaba ya Katanga ilipokuwa ikisafishwa, wanayeyusha simu na betri kuukuu. Na katika karatasi za leo wanakuja kununua kilichomo ndani ya kile walichokitupa. Sisemi kwa kulaumu. Wangeweza kutokuja, na germaniamu ingelala pale. Lakini mtu akiniambia kwamba taka haina mwenyewe, nitamwonyesha karatasi hii.

Kolwezi kuna habari kama hiyo kwa mabaki ya aina nyingine. Mabaki ya viwanda vya zamani vya kusafisha mawe, yaliyomwagwa kwenye bonde la Musonoi na bwawa la Kingamyambo, yaligombewa miaka mingi mpaka mahakamani, na tangu 2018 Metalkol inayafua upya kupata shaba na kobalti. Watu wanadhani utajiri wa Katanga uko chini ya ardhi. Sehemu yake iko juu, imelundikwa.

Sasa tufike kwetu. Mgodi wa Kinsevere uko juu ya vilima ambavyo Gécamines ilivipima kabla ya kuanguka. Leseni mama ni yake; kampuni zinaikodi kwa mkataba wa amodiation. Anvil Mining ya Australia ndiyo iliyoanza kuujenga, kwanza na kiwanda kidogo cha kuchuja mawe, kisha mwaka 2011 na kiwanda cha asidi na umeme chenye uwezo wa tani 60,000 za katodi kwa mwaka. Mwaka 2012 MMG, ambayo mwenye hisa wake mkubwa ni China Minmetals, iliinunua Anvil na kuuchukua mgodi.

Ndani ya kiwanda chenyewe kuna mzunguko ambao wengi hawaujui. Jiwe linasagwa na kulowekwa kwenye asidi. Asidi inayeyusha shaba. Kimiminika cha mafuta kinainyakua shaba na kuihamishia kwenye maji mengine safi zaidi. Umeme unaigandisha kwenye mabamba. Asidi iliyoachwa na shaba hairudi mtoni, inarudi mwanzo kulowesha jiwe jipya. Kuanzia mwisho wa 2020, mawe rahisi, yale ya kijani, yalipokaribia kwisha, uchimbaji ulisimama kwa muda na kiwanda kikala akiba ya mawe yenye shaba kidogo yaliyokuwa yamelundikwa pembeni. Waliokuwa hapa wanakumbuka milima ile ikipungua.

Kisha ukaja upanuzi wa kuchukua mawe ya chini, ya sulfidi, ambayo asidi peke yake haiyawezi. Mradi ulipitishwa mwaka 2022, na shaba yake ya kwanza ilitoka 2024. Mawe haya huchomwa kwanza. Ukiyachoma yanatoa gesi ya salfa, ileile iliyoua majani ya Penga Penga. Hapa gesi inakamatwa, inasafishwa na kugeuzwa asidi, na asidi inakwenda kulowesha mawe. Kile ambacho Union Minière iliuachia upepo kwa miaka themanini, Kinsevere inakitia kwenye tangi kwa sababu kununua asidi ni ghali. Nawasifu wahandisi kwa hilo, na nataka vipimo vya hewa vibandikwe mahali sisi tunaokaa karibu tunaweza kuvisoma.

Kobalti ilitoka pia, tangu 2023, lakini bei yake ilianguka vibaya na mwisho wa 2024 sehemu ile ya kiwanda iliwekwa pembeni. Februari 2025 serikali ikasimamisha kabisa uuzaji wa kobalti nje kwa nchi nzima, na tangu Oktoba 2025 inauzwa kwa kiasi kilichopangwa. Sasa fikirini: mashine ya kobalti ikisimama na ya shaba ikiendelea, kobalti iliyomo kwenye mawe inakwenda wapi? Isiyotolewa inaondoka na matope. Matope yanatiwa chokaa kupunguza ukali wa asidi, na yanapelekwa kwenye bwawa la mabaki. Bwawa hilo ndilo terili letu. Tofauti yake na lile la mjini ni kwamba hakuna mtoto anayelichora, maana limezungushiwa uzio.

Ulaya nako wanafunga mzunguko wao. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Agosti 2031 betri za magari ziwe na kobalti iliyorudishwa isiyopungua 16 kwa mia ya kobalti yote iliyomo. Kobalti hiyo itatoka kwenye betri kuukuu, na betri hizo nyingi zilijazwa na kobalti ya Katanga. Mzunguko upo, ni wa kweli, lakini umezungushwa kule. Kilo moja ya kobalti ikitoka Kinsevere mara moja, itatumika mara mbili, mara tatu, mara tano Ulaya au Uchina, na mrabaha tunaolipwa ni wa mara ya kwanza tu. Kitakachobaki kuzunguka huku ni mabaki. Kwa hiyo mabaki ndiyo mazungumzo yetu.

Sheria inatupa pa kushika. Kanuni ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inayatambua malundo ya mabaki kuwa hifadhi ya madini na kuyawekea leseni ya pekee. Mrabaha unagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kampuni inatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na inasaini cahier des charges na wakaaji kwa miaka mitano mitano. Katika mikutano ya cahier tunazungumza shule, visima, barabara, kituo cha afya. Ni haki. Lakini sijasikia mtu akisimama kuuliza juu ya bwawa.

Mimi ningeuliza mambo matatu tu. Kwanza, mna nini ndani yake: kwa kila mwaka, tani ngapi za matope, na shaba na kobalti kiasi gani. Kampuni inajua, maana hupima kila siku kile kinachoingia na kinachotoka kiwandani. Tofauti yake iko bwawani. Kama karani wa Union Minière angeandika hivyo kwa germaniamu ya Kipushi na daftari likabaki Lubumbashi, mazungumzo ya mwaka 2000 yangekuwa mengine. Pili, mkodishaji akiondoka, bwawa linarudi kwa nani, na mlinzi wake analipwa na nani. Kampuni inasema upanuzi unaupa mgodi maisha hadi angalau 2035. Mtoto anayeanza shule ya msingi leo atakuwa hajafika miaka ishirini. Tatu, likifuliwa upya siku moja, kazi ya kutenganisha itafanyika wapi.

Nilimuuliza yule mzee wa tanuru swali la tatu. Alicheka, akaonyesha mbabula yake, iliyotoboka chini, na kusema kesho anaipeleka kwa fundi, maana rimu bado nzima. Nilimsaidia kuifunga kwenye kinga.